Section, Article au Clause? Waraka Wenyewe Ndio Ujibu

Mtu akiteremka kwenye matatu mjini Thika akauliza njia ya Section 9, ataelekezwa bila kuulizwa ni section ya kitu gani, kwa sababu kila mkaazi anajua huo ni mtaa. Lakini mtu huyo huyo akisimama katika kikao cha maoni ya umma, mji ni ule ule, akasema "mimi naipinga section 9", karani anayeandika maoni lazima amuulize: section 9 ya nini? Kama ni ya mswada uliowekwa mezani siku hiyo, basi hiyo haiitwi section, inaitwa clause. Kama ni ya katiba, inaitwa article. Kama ni ya sheria iliyokwisha kupitishwa, sawa, hiyo ni section, ila ni ya sheria ipi? Kiingereza kimetupa maneno mengi ya kutajia vipande vya maandishi: chapter, part, article, section, clause, paragraph, schedule, passage, excerpt. Wengi wetu tunayatumia kama ndugu wa tumbo moja ambao ukimkosa mmoja unamwita mwingine. Hoja yangu leo ni kwamba kuyachagua vizuri si mbwembwe za wasomi. Neno analolitumia mtu ndilo linalomwambia msikilizaji ni waraka wa aina gani unaotajwa, umefika hatua gani, na una nguvu kiasi gani juu ya maisha yake. Na neno sahihi halitafutwi katika kamusi. Linatafutwa ndani ya waraka wenyewe.

Tuanze na katiba, kwa kuwa ndiyo inayotajwa sana na kutajwa vibaya sana. Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ina sura 18, na kila sura kwa Kiingereza chake ni chapter. Baadhi ya sura, hasa zile ndefu, zimegawanywa katika part. Ila nambari zinazokwenda mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho, 1 hadi 264, ni za article. Ndani ya article mna clause, ambazo nambari zake ziko kwenye mabano, na ndani ya clause mna paragraph, ambazo zina herufi. Kwa hivyo mkaazi wa Kimbo, pale Ruiru, anayedai maji akiandika Article 43(1)(d), ametaja mahali pamoja tu katika waraka mzima, panaposema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Akiteleza akaandika (c) badala ya (d), amedai chakula. Akiandika (e), amedai hifadhi ya jamii. Hata mtu anayetaja "Chapter Six" katika mjadala wa siasa, jambo ambalo tunalisikia kila msimu wa uchaguzi, ametaja sura nzima ya uongozi na uadilifu yenye article kadhaa. Hajataja sharti lolote mahususi. Ndiyo maana mijadala hiyo hukosa mwisho: mmoja anataja sura, mwingine anamjibu kwa article, na kila mmoja anadhani mwenzake hajasoma.

Basi je, mtu akiandika "section 43 ya katiba" amekosea nini, ilhali nambari ni ile ile? Kosa hilo lina historia yake. Katiba ya zamani ndiyo iliyokuwa na section. Walio na umri wa makamo wanaikumbuka Section 2A, iliyoingizwa mwaka 1982 ili kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria, ikafutwa Desemba 1991 baada ya shinikizo kubwa la ndani na la nje. Hakuna aliyeandamana dhidi ya "Article 2A", kwa sababu kitu hicho hakikuwahi kuwepo. Katiba ile ya section iliondolewa na Article 264 ya katiba ya sasa. Kwa maana hiyo, mtu anayeunganisha neno section na neno katiba, kwa mujibu wa maandishi, anamwelekeza msomaji kwenye waraka uliokwisha kufutwa. Msomaji mwenye huruma atajua alichokusudia. Lakini ushahidi wa kwanza wa hoja yangu uko hapo: katika nchi hii, maneno article na section yanatenganisha katiba iliyo hai na katiba iliyozikwa.

Sasa twende bungeni. Waraka unaojadiliwa kabla ya kuwa sheria ni mswada, na vipande vyake vyenye nambari huitwa clause. Mswada ukipitishwa na Rais akautia sahihi, vipande hivyo hugeuka section. Hilo linaweza kuonekana kama mchezo wa majina tu, hadi tutazame kilichotokea kwa makato ya mishahara ya kugharamia nyumba za bei nafuu. Mswada wa Fedha wa mwaka 2023 ulipendekeza kila mfanyakazi akatwe asilimia 3 ya mshahara wake. Ulipopita mikononi mwa wabunge, kiwango kikashushwa hadi asilimia 1.5, vipengele vingine vikatolewa na vingine vikaongezwa, na Sheria ya Fedha ikatoka na makato hayo katika section 84. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu ikaamua kwamba section hiyo inakiuka katiba. Serikali ikarudi bungeni na sheria nyingine, na Machi 2024 Rais akaitia sahihi Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ambayo section 4 yake ndiyo iliyoweka tozo ya asilimia 1.5 upya. Mfanyakazi wa kiwandani Thika anayeitazama karatasi yake ya mshahara akalalamika kwamba anakatwa "kwa clause ya Finance Bill" amesema jambo lisilowezekana. Clause haimkati mtu hata senti moja. Inayokata ni section. Na mtu akitaka kulipinga jambo hilo mahakamani au mbele ya mbunge wake, ni lazima aelekeze kidole penye nguvu, kwa sababu kuilaumu clause ya 2023 ni kugombana na pendekezo ambalo hata wabunge wenyewe walilibadilisha.

Mwaka huo huo wa 2024 ulitupa mfano ulio wazi zaidi. Baada ya maandamano ya tarehe 25 Juni 2024 ya kuupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo, Rais alikataa kuutia sahihi, akaurudisha bungeni kwa kutumia Article 115 ya katiba, na pendekezo lake likawa clause zote zifutwe. Angalieni jinsi maneno yalivyokaa hapo. Mamlaka yake ya kuurudisha mswada yalitoka kwenye article. Alivyotaka vifutwe vilikuwa clause. Section hazikutajwa, kwa kuwa hazikuwa zimezaliwa. Vijana waliokuwa wakiisambaza mitandaoni orodha ya mambo waliyoyapinga, nambari kwa nambari, walifaulu kuwafikishia wenzao ujumbe kwa sababu kila mtu aliweza kuufungua mswada akaiona clause inayosemwa. Uchaguzi wa neno uliwasaidia watu kusoma waraka mmoja kwa pamoja.

Clause ina makao mengine tena, nayo ni mikataba. Mkataba wa kazi, mkataba wa kukodisha nyumba, makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, vyote hivi vina clause. Hapa neno hilo lina maana tofauti na ile ya mswada. Clause ya mswada ni pendekezo linalongoja kura, bali clause ya mkataba ni ahadi iliyokwisha kuwafunga waliotia sahihi. Chukueni suala la likizo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, katika section 28, inampa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi, kwa malipo kamili, baada ya kila miezi 12 mfululizo ya kazi. Tuseme mtu ameajiriwa katika ghala la Ruiru, karibu na barabara ya Eastern Bypass, na clause ya mkataba wake inampa siku 25. Siku 25 ndizo zake, kwa sababu sheria imeweka kiwango cha chini tu, na walioahidiana zaidi ya hapo wanafungwa na ahadi yao. Tuseme badala yake clause inampa siku 15. Clause hiyo haisimami mbele ya section 28. Mfanyakazi ambaye barua yake kwa meneja inasema tu "kwa mujibu wa section ya likizo" hajafafanua kama anadai ahadi ya mwajiri au amri ya sheria, na hizo ni njia mbili zenye majibu mawili. Kwa mwenye siku 25, silaha ni clause. Kwa mwenye siku 15, silaha ni section. Akichanganya, atajikuta anadai 21 mahali alipopaswa kupata 25.

Neno lenye vituko zaidi katika ukoo huu ni chapter. Katika katiba ni sehemu ya waraka. Katika kitabu cha sheria za Kenya, sheria nzima ndiyo chapter, na hufupishwa kuwa Cap. Kanuni ya Adhabu ni Cap. 63, Sheria ya Trafiki inayojulikana sana na madereva na makondakta wa Thika Road ni Cap. 403. Kana kwamba hilo halitoshi, Kanuni ya Adhabu yenyewe, ambayo ni chapter ya 63, imegawanywa ndani yake katika chapter nyingine. Mwenye duka mjini Thika anakutana na Cap. 301, sheria inayosimamia upangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Upangaji wa duka usiokuwa na mkataba wa maandishi, au wenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka 5, unalindwa na sheria hiyo. Mwenye jengo akitaka kuusimamisha upangaji huo au kupandisha kodi, anatakiwa na section 4 kutoa notisi kwa fomu iliyowekwa, aeleze sababu zake, na notisi isianze kufanya kazi kabla ya miezi 2 tangu mpangaji aipokee. Notisi hiyo ni sharti imtake mpangaji ajibu kwa maandishi, katika muda wa mwezi 1, kama anakubali au anakataa. Asipokubali, section 6 inampa njia ya kwenda mbele ya jopo la mizozo ya kodi kabla ya siku ya notisi kuwadia.

Itazameni basi karatasi hiyo mkononi mwa mpangaji. Juu imeandikwa jina la sheria na Cap. 301. Chini yake imetajwa section 4(2). Fomu yenyewe, hata hivyo, haimo katika section 4. Imo katika jedwali la kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyo, na vipande vya kanuni huitwa regulation. Kwa hiyo karatasi moja tu, ambayo mtu anaweza kuikunja akaitia mfukoni, ina maneno manne ya kutajia vipande vya maandishi: chapter, section, regulation na schedule. Kila moja linaeleza jambo lake. Chapter inataja sheria ipi. Section inataja haki na wajibu. Regulation inataja utaratibu. Schedule inabeba sura ya fomu yenyewe. Mpangaji anayeyaelewa hayo anaweza kuuliza maswali matatu ya maana: je, sheria hii inanihusu? Je, miezi 2 imetimia? Je, fomu ni ile iliyowekwa? Asiyeyaelewa ataona Kiingereza kirefu chenye mihuri, aanze kufungasha bidhaa.

Schedule, ambayo kwa Kiswahili ni jedwali, inadharauliwa kwa kuwa iko nyuma ya waraka, na watu hudhani kilicho nyuma ni nyongeza isiyo na uzito. Jedwali la Nne la katiba linatosha kuvunja dhana hiyo. Lina part mbili. Part 1 inaorodhesha kazi za serikali ya kitaifa, na humo, katika nambari 18, mna ujenzi wa barabara kuu za taifa. Part 2 inaorodhesha kazi za kaunti, na humo, katika nambari 5, mna barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, iko upande wa kwanza. Kibarabara kinachotoka humo kuingia mtaani, pamoja na taa zake zisizowaka, kiko upande wa pili. Malalamiko yanayosema "kwa mujibu wa Fourth Schedule, barabara zetu zirekebishwe" hayajasema ni ya nani, maana jedwali hilo linazitaja serikali zote mbili. Ni neno part na nambari yake ndivyo vinavyoamua kama barua iende Nairobi au iende kwa serikali ya Kaunti ya Kiambu.

Kwa nini tunachanganya maneno haya? Nadhani mzizi uko shuleni, na hauko mahali tunapoutafuta. Mwanafunzi wa sekondari hukutana na neno kifungu katika ufahamu: soma kifungu kifuatacho kisha ujibu maswali. Hapo kifungu ni habari nzima, ambayo kwa Kiingereza huitwa passage. Akitoka shuleni, anasikia kwenye taarifa ya habari kifungu cha 43 cha katiba, na pengine kwenye kituo kingine ibara ya 43, na gazetini kipengele cha 43, na vyote ni kitu kimoja. Upande wa Kiingereza nao, karatasi ya mtihani ina passage, ina excerpt kutoka katika kitabu kilichoteuliwa, na ina paragraph ndani ya passage. Passage imeletwa isomwe peke yake. Excerpt imekatwa kutoka katika kitabu, kwa hiyo mwanafunzi anatarajiwa kujua kilichotangulia na kilichofuata, kama vile swali la Kiswahili linavyodai muktadha wa dondoo. Mtahiniwa anayeandika "in this paragraph" akimaanisha passage nzima anamfanya msahihishaji atafute ushahidi katika aya moja tu, na asipouona hapo, hana wajibu wa kuusaka kwingine.

Lakini shule hiyo hiyo inathibitisha kwamba uwezo wa kutofautisha tunao. Mwanafunzi wa Kiswahili huyo huyo, akipewa shairi, hasemi tu "sehemu ya juu" na "sehemu ya chini". Anataja ubeti, ndani ya ubeti mshororo, ndani ya mshororo kipande. Kipande cha kwanza anakiita ukwapi, cha pili utao, cha tatu mwandamo. Vina vya kati anavitenga na vina vya mwisho. Msikitini kuna sura, aya na juzuu, na hakuna muumini anayeziita zote kwa jina moja. Kanisani watu wanasoma kitabu, mlango au sura, kisha mstari au aya, na mkutano mzima unafika ukurasa ule ule kabla mhubiri hajameza mate. Utamaduni wetu wa kusoma ni wa kutaja mahali kwa usahihi. Hatuwezi kusema akili zetu hazikuzoea mambo hayo. Tulichokosa ni kuzifikisha nidhamu hizo kwenye sheria, mikataba na miswada.

Najua yapo ya kupinga. La kwanza ni kwamba sheria yenyewe haitaki ukali huu. Article 159(2)(d) ya katiba inazitaka mahakama zitende haki bila kuegemea mno makosa madogo ya utaratibu. Ikiwa jaji anaweza kumsamehe aliyeandika section badala ya article, sisi ni nani tusisamehe? Pingamizi hili lina nguvu, na ninalikubali nusu. Mtu asinyimwe haki kwa sababu ya neno. Lakini msamaha wa mahakama unamfaa aliyekwisha kufika mahakamani, na mambo mengi ya wananchi hayafiki huko. Yanaishia kwenye dawati la karani, kwenye kikasha cha maoni, kwenye barua ya mwajiri. Kamati inayojumlisha maoni ya mswada wa kaunti hupanga maoni hayo clause kwa clause. Oni lisiloonyesha clause yake haliadhibiwi na mtu yeyote. Linakosa tu mahali pa kuwekwa. Tena, hata huo msamaha unaoombwa uko katika article ya 159, clause ya pili, paragraph ya (d), na asiyejua kusoma anwani hiyo hataweza kuuomba. Mnunuzi wa ploti Ruiru, ambako hati nyingi za ardhi hutajwa kwa Block na nambari, hawezi kukubali wakili aandike Block nyingine kwa hoja kwamba "tunaelewana". Haki zake zinastahili uangalifu huo huo anaoupa ploti yake.

Pingamizi la pili linasema maneno haya hayana maana ya kudumu hata kwa Waingereza na Wamarekani, kwa hivyo kuyashikilia ni kazi bure. Ni kweli hayana maana ya kudumu. Katiba ya Marekani ina article saba tu, na ndani ya article ndimo zilimo section, kinyume kabisa cha anachotarajia mtu aliyezoea sheria zetu. Mkataba ulioanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki una article zinazohesabiwa kwa zaidi ya mia. Katiba yetu ya zamani ilikuwa na section, hii ina article, na nimekwisha kuonyesha chapter iliyo ndani ya chapter. Ila mtu anayetoa ushahidi huu hajaibomoa hoja yangu, ameijengea msingi. Kama maneno haya yangekuwa na maana moja duniani kote, tungelazimika kuyakariri kutoka kamusini basi. Kwa kuwa kila waraka huchagua majina ya vipande vyake, kanuni inakuwa nyepesi zaidi: fuata majina ambayo waraka umejipa. Mswada ukisema clause, sema clause. Mkataba wako ukisema paragraph, sema paragraph hata kama rafiki yako mwanasheria anapendelea clause. Aliyeutunga ndiye aliyezigawa sehemu zake, na ukitumia majina yake, wewe na yeye mnatazama mahali pamoja.

La tatu ndilo linalogusa redio ya Kiswahili moja kwa moja. Kwa nini, wengine watauliza, tuhangaike na Kiingereza wakati Article 7 ya katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi? Jibu liko katika katiba hiyo hiyo. Article 259(2) inasema matoleo ya lugha mbalimbali ya katiba yakigongana, toleo la Kiingereza ndilo litakalotawala. Sheria zinazompata mtu wa Thika kazini, dukani na nyumbani anazisoma kwa Kiingereza. Tanzania imechukua njia nyingine: mwaka 2021 ilibadilisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na kwao ibara ya katiba na kifungu cha sheria ni vitu viwili vinavyojulikana. Sisi hatujafika huko. Maadamu hatujafika, Mkenya anahitaji maneno ya Kiingereza ili aipate sehemu husika, na anahitaji maneno ya Kiswahili yanayolingana nayo ili aieleze kwa jirani yake. Kazi mbili hizi hazipingani. Pendekezo langu kwa watangazaji, walimu na waandishi wa magazeti ni kwamba tuyapange hivi: chapter ya katiba iwe sura, part iwe sehemu, article iwe ibara, section ya sheria iwe kifungu, clause ya mswada au ya mkataba iwe kipengele, paragraph iwe aya, schedule iwe jedwali, na excerpt ibaki dondoo kama ilivyo shuleni. Hakuna hata neno moja la kubuni hapo. Yote mnayajua. Tatizo letu ni kwamba tunayatoa kwa zamu, leo ibara, kesho kifungu, kwa kitu kile kile.

Nawaomba basi jambo dogo. Safari nyingine kaunti ikiita maoni ya umma, iwe Thika au Ruiru, na wewe ukaandika karatasi yako, usianze na hasira wala na salamu ndefu. Anza na jina la waraka na mwaka wake, kisha neno ambalo waraka umekipa kipande unachokizungumzia, kisha nambari pamoja na herufi yake. Fanya vivyo hivyo ukimjibu mwenye jengo, ukimwandikia mwajiri, ukiandika jibu la mtihani. Na ukimsikia mtangazaji, hata akiwa mimi, akitaja "section ya katiba", piga simu umrekebishe.